Tumehamia nyumba yetu mpya Malindi, lakini mama hakai ndani

Mhamiaji wa Muyeye anauliza:

Assalamu alaykum, kaka na dada zangu. Mwezi wa Januari mwaka huu, baada ya miaka sita ya kujenga kwa kudunduliza, mimi na mume wangu tulihamia nyumba yetu wenyewe hapa Muyeye, kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Tulitoka mtaa wa Barani, katika nyumba ya kupanga ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba sita vinavyotazamana, ua nyuma na baraza mbele, ambamo tuliishi na wapangaji wenzetu kwa miaka kumi na mmoja. Nyumba mpya ina kila tulichokuwa tukikitamani siku zile za kungojeana bafu na familia tatu: vyumba vitatu vya kulala, choo cha ndani, jiko lenye sinki na meza ndefu ya zege, sebule ya kupokea wageni, na sakafu ya vigae vyeupe. Naomba nisieleweke kwamba naikufuru neema. Ila huu ni mwezi wa tano, na bado najiona kama mgeni aliyeambiwa asubiri sebuleni mpaka mwenye nyumba arudi.

Nitayataja yanayonisumbua ili mnishauri. La kwanza ni mwangwi: kijiko kikianguka jikoni, aliye chumba cha mwisho hushtuka kana kwamba kimeanguka kitandani kwake. La pili ni joto. Tumeezeka kwa mabati, na vyumba viwili havijawekewa dari, basi alasiri havikaliki. La tatu ni kuta. Tangu mvua za mwaka zianze, rangi ya sebuleni inatoka magamba karibu na sakafu, na chini ya magamba kuna unga mweupe ambao nikiufuta kwa kitambaa kibichi hurudi baada ya siku tatu, tena mwingi kuliko mwanzo.

La nne ndilo linaloniumiza. Mama yangu mzazi, ambaye ni mzaliwa wa Lamu na tunaishi naye, kila baada ya sala ya alasiri huchukua kipande chake cha mkeka na tasbihi, akatokea mlango wa jikoni, akaketi juu ya mawe matatu yaliyobaki ya ujenzi, katika uchochoro ulio baina ya jiko na ukuta wa ua. Nilimnunulia kochi. Amelikalia mara moja, siku lilipoletwa. Nilipomuuliza ana nini, alinijibu, "Nyumba hini ni nzuri, mwanangu, lakini haina pa kuketi." Sebule ina viti vya watu saba.

Fedha tulizobaki nazo zinatosha jambo moja au mawili, si yote. Je, nipake rangi upya, ninunue zulia, niweke dari, au nivumilie tu mpaka tuzoee? Nianze na lipi?

Fundi wa Langoni anajibu:

Wa alaykumu salaam, dada. Mimi ni fundi wa mawe na chokaa hapa Lamu, na nitaanza na ukuta kwa sababu huo ndio utakaokula fedha yako bure ukiuendea kwa haraka.

Ukuta mpya una maji mengi kuliko mtu anavyodhani. Kuna maji yaliyochanganyiwa saruji, kuna yale ya kunyweshea kila jioni wakati wa ujenzi, na iwapo mlijenga kwa mawe ya kuchonga, kama nyumba nyingi za huko kwenu, basi jiwe lenyewe ni la matumbawe, lina vitundu vidogo vidogo, na hufyonza maji kama sponji. Saruji hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa siku 28, na hapo wenye nyumba wengi hukosea kwa kuhesabu kwamba zikitimia siku hizo ukuta pia umekauka, ilhali kukauka huchukua miezi. Maji yaliyomo ndani hutafuta njia ya kutoka, na yanapotoka huichukua chumvi iliyo katika jiwe, katika mchanga, au katika maji ya kisima yaliyotumika. Yakifika usoni mwa ukuta hugeuka mvuke yakaenda zake, na chumvi ikabaki. Huo ndio unga wako. Rangi ya plastiki imewekwa mahali pale kama kifuniko, basi chumvi inaisukuma kwa nyuma mpaka ibanduke.

Kwa hiyo usiufute kwa kitambaa kibichi. Maji unayopaka huiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, kisha hutoka tena, na ndiyo maana unauona umezidi. Chukua brashi kavu, uusugue, uuzoe, uutupe nje. Magamba yakwangue yote, uuache ukuta uchi, hata kama wageni watakuona umeshindwa. Usipake chochote mvua hizi. Ngoja mpaka kaskazi ivume, mwezi wa Januari au Februari, wakati ukuta umepata miezi mikavu, ndipo upake. Na ukinisikiliza, sehemu ile ya chini uipake chokaa ya maji, kwa sababu chokaa huuacha ukuta upumue. Nyumba za zamani za hapa zina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na zimesimama karne nzima na zaidi kwa kupumua hivyo hivyo. Mwenyeji anapokuja kuzipiga plasta ya saruji kwa nia njema, unyevu hunaswa ndani, na mimi huitwa baada ya misimu miwili kuibomoa.

Lakini iwapo kaskazi nzima itapita na unga unaendelea kutoka pale pale chini, kwa kimo cha futi mbili, hapo tatizo si upya wa nyumba. Angalia nje kama udongo umerundikwa juu kuliko sakafu, au kama maji ya paa yanaanguka na kurukia ukutani kwa kukosa mfereji wa bati. Makosa hayo mawili nimeyakuta mara nyingi kuliko nondo mbovu.

Kuhusu mama, nakuomba usiyaondoe mawe yale. Kwa maelezo yako uchochoro umekaa baina ya kuta mbili, nasi tuko katika msimu wa kusi, upepo unaotoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba. Bila shaka unapita hapo kama maji ya mfereji. Mama amekipima kiwanja chako vizuri kuliko aliyechora ramani. Jenga baraza pale pale alipoketi, kwa mawe hayo hayo, ya kimo cha shibiri mbili, na plasta nyembamba juu. Ni kazi ya siku mbili.

Bi Mkubwa wa Mkomani anajibu:

Mwanangu, hongera ya nyumba, na Mwenyezi Mungu aijaalie kheri. Fundi amesema kweli juu ya upepo, lakini sidhani kwamba mama amefuata upepo peke yake.

Mtu aliyelelewa katika nyumba ya Lamu amezoea nyumba inayojitazama. Unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, kijiukumbi cha kuingilia, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na misana, vile vyumba virefu, yote inakitazama kiwanda hicho, basi aliye ndani kabisa anamsikia aliyeingia, anamsikia anayekoroga chungu, anamsikia mtoto analia kwa nini. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti la mkoko, lakini hakuna anayekaa peke yake. Ziko hata nyumba zilizounganishwa kwa wikio juu ya njia, mtu akaenda kwa jamaa yake bila kushuka chini. Na huko Barani mlikokuwa, ukumbi na ua vilifanya kazi hiyo hiyo. Nyumba yako mpya, kama zilivyo za siku hizi, kila chumba kimekipa mgongo chumba chenziwe. Mama akikaa sebuleni anatazama televisheni iliyozimwa.

Kisha nikuulize jambo, na usinione mdadisi. Umesema una meza ndefu ya zege jikoni. Mama anakuna nazi wapi? Anachambua mchele wapi? Kama anasuka ukili, anatandaza wapi miyaa yake? Kazi alizofanya maisha yake yote ni za mtu aliyeketi chini na miguu ameinyosha, na jiko lako ni la kusimama. Alipokwambia hapana pa kuketi hakuwa akihesabu viti. Alikuwa akikwambia hapana kazi iliyobaki kwake ndani ya nyumba hiyo, na mtu asiye na kazi nyumbani ni mgeni, hata akipewa kochi la dhahabu. Wewe mwenyewe umesema unajiona mgeni. Jiangalie na wewe ni kazi gani uliyoiacha Barani.

Na kama nyumba bado ina harufu ya saruji, usiipiganie kwa manukato ya kopo. Fukiza udi na ubani alasiri ya Alhamisi, chetezo kipite kila chumba mpaka stoo, na siku nyingine acha harufu ya chakula ifanye kazi yake. Waite majirani wapya hata kwa kahawa na kaimati. Someni dua, muwalishe watoto wa mtaa. Ikifika Ramadhani utaona sahani zenu zinakwenda na kurudi, na ile sahani ya mtu iliyosahaulika kabatini mwako ndiyo itakayokufanya uwe wa Muyeye. Panda asumini karibu na dirisha la mama. Lakini ukiimwagilia maji ya kisima chenye chumvi itakufa. Mpe ya mfereji, au uyakinge ya mvua sasa hivi yanapopatikana bure.

Mkaazi wa Ngala anajibu:

Nawaheshimu wakubwa walionitangulia, lakini naona tunampa dada huyu mashairi wakati anaungua. Mabati bila dari katika Malindi ni tanuri, na nimeyaishi hayo kwa miaka mitatu katika nyumba yangu mwenyewe. Mtoto wangu alitoka vipele vya joto mwili mzima kila mwaka ikifika Machi. Fedha ya kwanza iende kwenye dari ya vile vyumba viwili. Baraza ni jambo jema, ila mtu halali barazani.

Zulia sinunui na simshauri mtu anunue. Katika hewa yetu ya unyevu na chumvi hushika uvundo, hukusanya mchanga, na kulifua ni shughuli ya mchana mzima. Mwangwi huletwa na vitu vigumu vinavyotazamana: vigae chini, ukuta mtupu, kioo cha dirisha. Tandika mikeka mikubwa ya ukindu, tundika mapazia mazito yanayofika sakafuni, weka kabati lililojaa nguo au vitabu kwenye ukuta mmoja, na nusu ya mwangwi itakwisha kwa bei ndogo. Dari nayo itasaidia hapo hapo.

Chokaa pia, fundi atanisamehe, huchafua mgongo wa kila anayeegemea ukuta, na katika sebule yenye watoto ni kero. Labda aipake chini tu kama alivyosema mwenyewe, na mbele yake aweke viti.

Nyongeza: ukipanda mti wa kivuli, mwarobaini ni mzuri na hukua haraka, lakini upande mbali na shimo la maji machafu na mbali na msingi. Jirani yangu aliupanda hatua nne kutoka shimoni kwake na sasa anaujutia.

Fundi wa Langoni anajibu:

Ndugu wa Ngala ana haki kuhusu dari, na ninakubali itangulie. Ila waambieni mafundi waache matundu ya hewa katika kuta za pembe tatu zilizo chini ya paa, pande zote mbili, na yazibwe kwa wavu ili popo wasiingie. Dari iliyofungwa bila matundu huhifadhi moto juu yake, na usiku kucha mtakuwa mmelala chini ya chungu kilichofunikwa. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, msikubali misumari ya chuma kitupu. Kutu yake itachora madoa mekundu kwenye dari mpya kabla ya mwaka kwisha. Hata bawaba za madirisha, ikiwezekana, ziwe za shaba.

Baraza basi ningelisogeza mbele, penye lango, kama lilivyo daka la kwetu, ili hata baba wa nyumba apate pa kuzungumza na wenziwe. Lile la nyuma litafuata fedha zikipatikana.

Bi Mkubwa wa Mkomani anajibu:

Fundi, hapo umenipoteza. Baraza la langoni ni la wanaume na wapita njia. Jana ulisema mama amepima kiwanja, leo wamhamisha. Mjenge alipoketi, karibu na mlango wa jikoni, na mzee mwenyewe atajitafutia pake. Wanaume hawajapata kukosa pa kukaa.

Mhamiaji wa Muyeye anajibu:

Nawashukuru wote, na samahani kwa kukawia. Zimepita wiki tano. Swali la Bi Mkubwa kuhusu nazi lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu lake ni la aibu. Tulipokuwa tukihama, niliona nyumba mpya inastahili vitu vipya, basi vya zamani nikavigawa Barani: kinu, ungo mbili, jamvi la ukumbini, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama alikuja nayo kutoka Lamu siku aliyonifuata hapa Malindi. Nikanunua mashine ya kusagia. Mama hakusema neno wakati ule, na mimi nikachukulia kwamba ameridhika.

Dari tumeiweka katika vyumba viwili, na matundu ya hewa yameachwa kama fundi alivyoelekeza, ingawa fundi wetu alibisha sana kwamba hajawahi kuona jambo hilo. Usiku kuna nafuu kubwa. Kuta nimezikwangua, zimebaki na mabaka kama ramani, na mume wangu amezoea kuwaeleza wageni habari ya kaskazi kabla hawajauliza. Unga bado unatoka kidogo, lakini kwa brashi kavu ni robo ya ule wa mwanzo. Mapazia tumetundika. Zulia hatukununua.

Baraza tumelijenga uchochoroni, kwa yale mawe matatu pamoja na mengine kumi na mawili tuliyoongeza. Fundi wetu alilinyanyua kupita kiasi, akisema kimo hicho ndicho cha kisasa, na jioni ya kwanza mama aliketi miguu ikaning'inia kama ya mtoto shuleni. Hakulalamika, aliteremka tu, akachukua mkeka wake, akakaa chini mbele ya baraza jipya akaliegemea. Kesho yake tulimwita fundi arudi kulikata, naye akaona ni rahisi kujenga kidaraja kifupi mbele yake. Sasa pana ngazi mbili: juu wanakaa wanangu na daftari zao za shule, na chini anakaa mama.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Barani kwa yule mpangaji mwenzangu niliyempa mbuzi, nikamweleza huku macho yangu yako chini. Alicheka. Alisema alikuwa akiitumia kila siku, na kwamba haniachii niichukue peke yangu, ataileta mwenyewe. Akaja Jumapili na nazi nne ndani ya kikapu, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha hodi, wakakaa na mama kule kidarajani wakikuna kwa zamu mpaka magharibi. Wali ulikuwa mwingi kuliko sufuria, na nimepeleka sahani kwa majirani watatu ambao mpaka siku hiyo nilikuwa nikiwajua kwa magari yao tu. Sahani moja haijarudi.